Tenki Tupu Si Tupu

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover. Lilikuwa tamasha, lengo likiwa kuvunja rekodi ya Wajerumani ya msururu mrefu wa Land Rover, na magari yakatokea kila upande: yaliyostaafu serikalini, ya kubebea watalii, ya mashamba ya kahawa, mengine yamepigwa rangi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nilizunguka kati yake na raha ya mtoto siku ya Idi. Pua ndiyo iliyonitibulia. Kuna magari niliyoyapita mbio kwa sababu yalinuka petroli, na wenyewe wamekaa ndani wanacheka. Mmoja nilimwambia. Akanijibu, "Hiyo ndiyo harufu ya Landrova, mzee."

Sivyo. Hiyo ni harufu ya tenki lililooza.

Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na ndiyo maana bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Bodi haishiki kutu, basi watu wetu wakajiaminisha kwamba gari zima halishiki kutu. Chesisi ni chuma. Tenki ni bati la chuma. Na kwenye ile fupi, 88 ya Series II na Series III, tenki hilo la galoni 10, lita 45 hivi, liko chini ya kiti cha mbele kulia. Kwa usukani wetu, dereva ndiye anayelikalia. Katikati kuna godoro la kiti na kipande cha bati, basi.

Kwa hiyo yafuatayo usiyachukue kama ushauri wa kuchagua. Yafanye, au gari liache chini ya mwembe.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Hakikisha kwanza kwamba mgonjwa ni tenki. Petroli hutembea. Inaweza kuvuja kwenye hosi ya kujazia ikateremka mpaka plagi ya chini, ukalaumu plagi. Inaweza kutoka kwenye kikombe cha kioo cha pampu, ukalaumu bomba. Futa kila mahali pakauke, sugua chaki nyeupe kuzunguka maungio na kwenye mishono ya tenki, egesha gari nje usiku mmoja. Asubuhi chaki itakuonyesha palipolowa.

Usizibe kwa sabuni ukajiona umetengeneza. Kila dereva wa zamani anaijua dawa ya sabuni ya kipande: unaisugua kwenye ufa, petroli haiiyeyushi, unaendelea na safari. Ni kweli inafanya kazi, na imeshawarudisha watu wengi mjini kutoka Longido. Lakini maji huiyeyusha, na mvua za masika haziulizi. Sabuni ni ya kukufikisha nyumbani. Ukifika, gari lilale nje, mbali na dirisha la chumba na mbali na jiko. Gundi ya kukoroga ya mirija miwili nayo ni sabuni iliyovaa suti.

Usipake ile rangi ya kuziba tenki kwa ndani juu ya kutu. Nilipaka mara moja, nikasifiwa, miezi minane ikapita. Halafu ikaanza kubanduka vipande vipande kama ganda la muwa, vikaziba mdomo wa bomba la kunyonyea, gari likazimika katikati ya mlima na foleni nyuma yangu. Nikisimama kwa dakika kumi vipande vinatuama, gari linawaka. Nikipanda, vinanyonywa tena. Nilibadilisha kondensa, plagi, hadi pampu, kabla sijalishuku tenki.

Usinunue tenki kwa kuangalia picha. Lipime lako: urefu, upana, kina, nafasi kati ya matundu ya bolti, upande wa mdomo wa kujazia, tundu la geji, plagi ya kumwagia. Uliza kama unalouziwa ni la petroli au la dizeli, maana la dizeli lina mdomo wa ziada wa mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini. Ukilifunga kwenye gari la petroli bila kuuziba mdomo huo vizuri, umejinunulia uvujaji mpya kabisa.

La kutengenezwa hapa mjini? Sina kinyongo. Arusha ina mafundi bati wenye mikono, na bati zuri lililokunjwa vizuri linazidi tenki la nje lililotengenezwa kwa haraka. Lakini usilikubali kama halina kuta za ndani zenye matundu, zile zinazozuia mafuta yasiyumbe. Lita 45 za petroli ni kilo 33 na kitu. Kwenye barabara ya makorongo, kilo hizo zinarushwa ubavu hadi ubavu siku nzima, na kila pigo linatua kwenye mshono. Chungulia kwa tochi kabla tenki halijaonja mafuta. Fundi akikwambia kuta hizo ni urembo, mshukuru, ondoka.

Lipime likiwa bado mezani. Ziba matundu yote, bakiza moja, pulizia kwa pampu ya baiskeli, taratibu, huku unapaka povu la sabuni kwenye mishono. Pumzi kidogo inatosha. Usichukue mpira wa kompresa ya matairi. Ubavu wa sentimita 40 kwa 60 ukisukumwa na baa 2 tu unabeba nguvu ya karibu tani 5. Tenki halikuumbwa kuwa tairi. Litavimba, na likipasuka halitakuomba radhi.

Lisuuze hata kama ni jipya. Ndani kuna mafuta ya kiwandani, vumbi la chuma, chembe za kuchomelea. Mafuta ya taa lita mbili, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke masafi, kisha liache wazi juani likauke.

SIKU YA KAZI

Chagua mchana na uwanja wazi. Usifanye kazi hii juu ya shimo la gereji. Nairudia kwa wale wanaopenda shimo kwa sababu mgongo hauumi: usifanye kazi hii juu ya shimo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, zaidi ya mara tatu. Haupai kama moshi. Unateremka, unatambaa ardhini kama ukungu wa Meru unavyoshuka mashambani alfajiri, isipokuwa huu huuoni. Ukifika kwenye shimo unajaa humo na kukaa. Fundi akishuka na taa ya waya akaigonga ukutani, balbu ikipasuka, yamekwisha.

Usijidanganye na baridi. Julai pale Ngaramtoni vidole vinagoma kukunjuka, na mtu anadhani petroli nayo imelala. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo Arusha haina. Hata kileleni Meru, mita zaidi ya 4,500 juu, haipo.

Angalia jirani anafanya nini. Gereji zetu za Unga Limited na kwingineko ziko bega kwa bega: huyu anachomelea geti, yule anapiga grinda, mama ntilie ana jiko la mkaa, na mchoma mishkaki anawasha saa kumi. Cheche haina haja ya kutoka kwako. Kama huwezi kumsimamisha jirani kwa saa mbili, sukuma gari lako upeleke kwingine.

Toa betri kabla mafuta hayajafunguliwa, wala si baada. Mpangilio huu ndio wenye uhai wa watu ndani yake. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likawaka. Waliofariki walizidi 100. Taarifa za siku zile zilimtaja mtu aliyekuwa akichomoa betri ya lori. Nyaya za betri zinapochomolewa hutoa cheche, ndogo kama ya kiberiti kilichokosa kuwaka, nayo inatosha. Basi zichomoe wakati tenki limefungwa na hewa ni safi. Anza na waya wa ethi, ule unaoshika bodi. Kwenye Land Rover za kabla ya 1967 hivi ethi ilikuwa chanya, kinyume na mazoea, kwa hiyo fuata waya kwa macho mpaka uone umefungwa wapi. Usiende kwa rangi. Kisha betri yenyewe ibebe uiweke mbali.

Mtungi wa kuzimia moto wa poda uwe hatua tano kutoka kwenye gari, umeukagua mshale wake, na kila aliyepo ajue kuutumia. Uliofungwa nyuma ya kiti usiuhesabu. Ndoo ya mchanga iwepo pia. Maji usiyamwage kwenye petroli inayowaka, yanaisambaza. Namba ya Zimamoto ni 114.

Hakuna sigara. Hakuna simu sikioni. Hakuna watazamaji. Gari la zamani huvuta watu, na kila chalii wa Chuga anayepita ana ushauri na Rizla. Mwambie arudi kesho.

Usinyonye mafuta kwa mdomo. Najua babu alinyonya, na utingo wake alinyonya, na wote walizeeka. Petroli ikikupalia, tone linaingia kwenye mapafu na kuyaunguza, na ndilo linaloua, kuliko hata lile lililofika tumboni. Aliyemeza asitapishwe. Maziwa asipewe, hata kama bibi wa jirani amekuja nayo mbio. Apelekwe hospitali akiwa ameketi wima. Tenki la Land Rover lina plagi ya kumwagia chini, itumie. Kama imeganda, tumia pampu ya mkono.

Usikingie kwenye beseni la plastiki. Petroli inayotiririka huzalisha umeme tuli, na plastiki haiupitishi kwenda chini. Unakusanyika mpaka uruke. Agosti na Septemba, vumbi limekauka na sweta inatoa cheche ukiivua, ndiyo miezi mibaya zaidi. Tumia dumu la chuma, liweke chini ardhini, ufunge waya kati ya dumu na chesisi kabla hujalegeza plagi.

Na hayo mafuta yenye kutu usimuuzie kijana wa bodaboda kwa bei ya kutupa. Kabureta yake ni chakula cha watoto wake.

KULITOA

Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti tangu jana yake. Bolti zilizokaa miaka 40 zinataka kubembelezwa.

Ondoa kiti, fungua kifuniko cha chini yake, na kabla ya kuchomoa chochote piga picha au chora. Waya wa kijani wenye mstari mweusi ndio wa geji, kama fundi umeme fulani hajapita hapo kabla yako. Kwenye gari langu alishapita: waya ulikuwa mwekundu, umetolewa kwenye redio, na umefungwa kwa plasta ya kidonda.

Ziba kila bomba unalolichomoa, upande wa tenki na upande wa gari, kwa kizibo au kipande cha hosi chenye bolti ndani. Usizibe kwa kitambaa. Kitambaa ni utambi.

Usikate bolti iliyoganda kwa grinda. Usiipashe kwa moto wa gesi, hata kidogo, hata ukiambiwa "sekunde mbili tu bosi." Msumeno wa chuma wa mkono, polepole, na tone la mafuta ya injini kwenye meno, utakula nusu saa. Nusu saa hiyo unayo.

Usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki. Jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni stendi. Mawe mawili ya mtoni na kipande cha gogo si stendi. Na tenki lisishushwe na mtu mmoja kwa kifua chake: mafuta yaliyobaki pembeni yatahamia upande mmoja na kulipindua usoni pake.

Likishatoka, usifunge jipya siku hiyohiyo kwa sababu ya uroho. Angalia pale lilipokuwa. Udongo wetu wa Meru, huu mweusi wa majivu ya volkano, masika unaruka hadi kati ya tenki na chesisi, unashindiliwa, na hautoki. Unashika maji kama sifongo hadi Agosti. Hapo ndipo tenki lilipoozea, kutoka nje kwenda ndani, na mkono wa chesisi unaolishika umeoza nalo. Kwangua, gonga kwa nyundo ndogo, sikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama boga. Kama mkono huo unahitaji kuchomelewa, gari lisukumwe mbali na tenki, na dumu la mafuta, na kila kitambaa kilicholowa, na mabomba yapulizwe kwanza. Kisha paka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili na usubiri ikauke.

KUHUSU KUCHOMELEA TENKI LA ZAMANI

Usilichomelee.

Ningeweza kuishia hapo, lakini najua utaambiwa nini gereji, kwa sababu mimi niliambiwa. Tenki langu lilikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Jipya lilikuwa ghali. Fundi, mtu mwema, mwenye watoto, aliniambia, "Mzee, tunalitoa mafuta, tunaliosha kwa sabuni ya unga, tunachomelea, kesho unaondoka." Likaoshwa mara tatu. Likaachwa juani mchana kutwa. Nilinusa mdomo wake, sikusikia kitu. Mwanafunzi wake aliligonga kwa bisbisi, likalia kama debe, tukacheka.

Alipogusisha moto, ulipita muda kama wa kusema "bismillahi". Mlio haukuwa mkubwa kama wa sinema. Ulikuwa mfupi na mzito, kama mlango wa kontena ukibamizwa, na ulisikika tumboni kabla ya masikio. Tenki lilivimba pande zote kama mto wa kulalia, mshono mmoja ukafunguka kwa urefu wake, na kifuniko cha geji tulikiokota upande wa pili wa ua. Fundi alipoteza nyusi, kope na ngozi ya mkono mmoja. Alipona. Alikuwa amesimama ubavuni; angekuwa mbele ya mshono nisingekuwa naandika kwa utulivu huu.

Sababu ni hii, na ndiyo inayobeba orodha yote. Petroli yenyewe, ikiwa maji, haiwaki; kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Na mchanganyiko haulipuki kwa kipimo chochote tu. Ukiwa chini ya asilimia moja na nusu hivi ya mvuke, hauwaki. Ukizidi asilimia saba na nusu hivi, mvuke umejaa mno, hewa haitoshi, hauwaki pia. Tenki lililojaa mafuta, lililofungwa, juu yake kuna mvuke mzito kupita kiasi. Tenki ulilolimwaga na kuliacha wazi ndilo linaloteremka taratibu hadi kipimo kile cha katikati. Tupu ndilo bomu.

Na kuosha je? Petroli hujificha kwenye mikunjo ya mshono na chini ya magamba ya kutu, mahali sabuni haifiki. Pua haiioni kwa sababu imelala baridi. Moto wa kuchomelea unapopasha bati, ile iliyojificha inaamka, inageuka mvuke, na kwa tenki la lita 45 vijiko vichache vinatosha kabisa.

Wapo wanaojaza maji hadi karibu na tundu, wapo wanaoingiza moshi wa ekzosi kufukuza hewa. Viwandani wana njia zao, na wana vifaa vya kupima hewa ya ndani kabla mtu hajasogeza moto. Wewe una pua. Nunua tenki jipya.

KULIWEKA

Jaribu geji kabla ya kitu kingine, mbali na mafuta. Rudisha betri kwa muda wakati tenki jipya bado ni kavu na dumu la mafuta liko upande wa pili wa ua. Shika floti mpya mkononi, ishikishe ethi kwa waya, iinue na kuishusha huku mwenzako anatazama mshale. Ukienda sawa, toa betri tena. Kama mshale umekwama, tafuta sababu sasa. Usiseme utaitengeneza baadaye. Hakuna anayeitengeneza baadaye. Utaishia kupima mafuta kwa kijiti cha mfagio kama sisi wengine.

Tumia gasketi halisi ya kizibo au mpira unaostahimili mafuta. Usipake silikoni ya dirisha wala ile nyekundu ya mtungi. Petroli inailainisha, inavimba, inakatika nyuzinyuzi, na nyuzi hizo zinakwenda kukaa kwenye kabureta. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji usiitumie pia: hailainiki, lakini nyuzi zake huishia humohumo.

Badilisha hosi zote, hata zile zinazoonekana nzima. Zikunje: zikionyesha nyufa ndogondogo kama kisigino cha kiangazi, zimekwisha. Hosi ya mafuta imeandikwa ubavuni, mara nyingi SAE J30 na alama nyingine. Isiyo na maandishi ni ya maji, au ya bustani. Klipu ziwe mbili kwenye hosi kubwa ya kujazia, na usizikaze mpaka zikate mpira.

Usiusahau mrija mdogo wa hewa kando ya hosi ya kujazia. Huu unadharauliwa kuliko kifaa chochote kwenye gari. Ukikunjamana, mafuta yatakurukia kituoni, pampu itanyonya kwa taabu, gari litakata moto kila baada ya nusu saa, na ukifungua kifuniko utasikia "pshhh". Watu wameuza Land Rover nzuri kwa bei ya hasara kwa sababu ya mrija huu.

Weka mipira chini ya masikio ya tenki kama ilivyokuwa kiwandani, usikaze chuma juu ya chuma. Bomba la shaba la friji, kama fundi amekuwekea, lifungwe kwa vishikizo vya karibu karibu, na mwisho wake uungwe kwa hosi. Shaba inayotikiswa huwa ngumu na kukatika, tena hukatikia usipopaona. Lipite mbali na ekzosi.

Waya wa ethi wa tenki: kwangua rangi, kaza, paka grisi. Usiamini kwamba bolti zitafanya kazi hiyo, maana zina mipira.

KUJAZA

Anza na lita tano. Kisha kaa. Kunywa chai, mbali. Baada ya nusu saa pitisha kidole kikavu kwenye plagi, kwenye kila mshono, kwenye kila klipu, ukinuse. Kikiwa safi, ongeza kumi. Rudia. Ndipo urudishe betri na kuwasha.

Usijaze mara ya kwanza kwenye foleni ya usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi, wakati EWURA inasubiriwa kutangaza bei mpya na kila mtu anataka kuwahi. Uvujaji hauonekani vizuri gizani, na foleni haikupi nafasi ya kusogea.

Usijaze mpaka shingoni, hata siku nyingine. Petroli hutanuka. Ukijaza lita 45 asubuhi Arusha kukiwa na nyuzi 14, ukateremka mpaka Mto wa Mbu ukaegesha juani, na mafuta yakafika nyuzi 34, yataongezeka karibu lita moja nzima. Lita hiyo itatafuta njia, na njia ya karibu ni ile iliyo chini ya kiti chako. Kijana wa pampu atakwambia, "Inaingia bado, mzee, tumalizie elfu." Usimalizie.

Safari ya kwanza iwe Usa River na kurudi. Namanga ingoje. Ukirudi fungua kikombe cha kioo cha pampu, tazama: matone yanayozunguka chini kama shanga ni maji, vumbi jekundu ni kutu ya bomba ulilolibakiza kwa ubahili. Safisha, rudia baada ya kilomita 100. Kama petroli yenyewe inanuka mafuta ya taa, hapo ni uchakachuaji, na tenki jipya halina kosa, badilisha kituo.

LILE LA ZAMANI

Usimpe muuza chuma chakavu lilivyo. Atalipima, atakulipa, atalirundika, na wiki ijayo kijana mwenye mtungi wa gesi atalikata bila kujua lilikuwa na nini. Usiligeuze jiko. Usiliweke nyuma ya nyumba watoto walipande kama farasi.

Ondoa geji, ondoa plagi, ondoa kifuniko. Lisimamishe nje wiki kadhaa, mdomo ukiangalia chini, mbali na moto. Kisha lijaze maji hadi juu liendelee kukaa. Siku ya kulitoa, chukua brashi na rangi nyeupe, andika pande zote mbili, kwa herufi kubwa ambazo hata mtu mwenye miwani ya kuchomelea atazisoma: LILIKUWA NA PETROLI. Langu bado liko uani, limevimba vilevile kama mto. Fundi yule hupita mara mojamoja kunywa chai, nyusi zimerudi, na kila akikaa huchagua kiti kinacholipa kisogo.